Duara Lililoandikwa Sifuri

Mektrida alimtambua kwa mwendo kabla hajamwona uso. Mguu wa kushoto aliutupa nje kidogo, kama mtu anayeruka mfereji hata pale pasipo na mfereji, na Uru nzima hakuna mwingine mwenye mwendo ule. Alikuwa anapanda kijia cha mgombani, shati jeupe la mikono mirefu, viatu vimevaa udongo mwekundu hadi kwenye kamba, na kwapani amebana bahasha ya kaki.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi, saa nne na nusu asubuhi, jua limetoka kwa kujiiba baada ya siku tatu za manyunyu. Mektrida alikuwa amesimama kwenye kichanja anachambua kahawa. Kahawa ya kufungia msimu huwa na takataka nyingi: punje zilizotobolewa na mdudu, zilizovunjika, zilizopauka, zote hutakiwa kutolewa moja moja kwa vidole. Vidole vyake viliendelea na kazi kama kawaida. Alipokuja kutazama baadaye alikuta ametoa nzuri na kuacha mbovu.

Jumapili mbili mfululizo katekista alikuwa amesoma jina lake kanisani, Mektrida binti wa marehemu Sylvanus, pamoja na la Antoni, mfugaji wa Rau aliyefiwa na mkewe miaka mitatu iliyopita. Kesho lingesomwa tangazo la tatu na la mwisho. Harusi ilikuwa tarehe ishirini na nane. Na huyu anayepanda mgombani na bahasha yake ni Eliamini, Mlutheri wa Mwika, ambaye Mektrida alimpenda miaka minne na nusu na anampenda hata sasa hivi, maana moyo hausikilizi matangazo ya kanisa.

"Hodi hapa."

Aliyeitika hakuwa Mektrida. Mama yake, Justina, alitokea mlango wa jiko akijifuta mikono kwenye kanga, akamtazama mgeni kuanzia viatuni kwenda juu, taratibu, kama mtu anayekagua ng'ombe wa mnadani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mangi wa Mwika. Mama yako Elinipendo mzima?"

"Mzima, mama. Anakusalimia."

"Miaka minne hajanisalimia, leo ndiyo kakumbuka. Aika, asante yake. Umepita njia gani na barabara ya chini imekatika?"

"Bodaboda imeniacha kanisani, nikamalizia kwa miguu."

"Basi umeliona tangazo pale mlangoni."

"Nimeliona, mama."

"Vizuri. Macho unayo." Akamwangalia mikononi. "Hapa kwetu mtu mwenye kosa huja na jani la isale, mwenye nyumba akiliona hana la kusema, anasamehe. Hata kwenu Mwika najua mnafanya hivyo, mtu awe Mlutheri asiwe Mlutheri. Wewe umekuja na bahasha."

Eliamini akatazama bahasha yake kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeibana pale. Njia nzima ya kupanda ilikuwa na ua wa masale kushoto na kulia. Alikuwa ameyapita yote.

"Haya, mgeni hasimamishwi juani," mama alisema. "Nakuletea mtori."

Akauleta. Na hapo ndipo Mektrida alipoumia kuliko alivyotarajia, kwa sababu mtori ulikuja kwenye sinia, juu ya sinia kitambaa cheupe cha kufuma, na juu ya kitambaa bakuli la kabatini lenye maua ya bluu ukingoni. Bakuli lile ni la padre na la wageni wa mara moja. Zamani Eliamini alikuwa akila jikoni, kwenye kigoda, kutoka sufuria moja na mzee Sylvanus, wakigombania nyama ya mfupa na kutaniana Ulutheri na Ukatoliki. Leo kaletewa kitambaa. Naye alielewa. Alishukuru kwa sauti ya mgeni, akakaa kwenye kiti walichomwekea karibu na kichanja, akala vijiko vitatu vya supu ile ya ndizi, akaliweka bakuli chini kwa uangalifu.

Mama akarudi jikoni, ila mlango hakuufunga.

"Umekonda," Mektrida alisema, macho kwenye kahawa.

"Wewe hujakonda."

"Ndiyo salamu za Dar hizo?"

"Namaanisha uko vilevile."

"Siko vilevile, Eli. Nina miaka thelathini na moja. Ulinikuta nina ishirini na sita."

Eliamini akafanya kile alichozoea kufanya akikosa maneno: akafungua bahasha.

Eliamini alikuwa anasomea chuo kikuu Dar es Salaam kazi ambayo Mwika hakuna aliyeweza kuisimulia. Mama yake huwaambia watu anasomea kompyuta, nao hutosheka. Mektrida peke yake ndiye aliyeielewa, kwa sababu alieleweshwa kwa penseli, mjini Moshi, nyuma ya karatasi ya kupokelea maziwa, siku ya tatu ya kujuana kwao. Alikuwa karani wa kituo cha kupokea maziwa, na ni yeye anayepima kila ndoo kabla haijamiminwa. Eliamini alikuwa amekuja kumsindikiza shangazi yake.

"Kila duara ni mahali pa kukaa," alimwambia siku ile akichora. "Kila mshale ni mlango wa kutoka hapa kwenda pale. Sasa mlango una saa yake. Huu unafunguka baada ya siku mbili, huu unafungwa baada ya siku tano, ukikosea saa hupiti. Na kila duara lina gharama ya kukaa, kwa kila siku unayokaa. Mengine ghali, mengine nafuu. Mashine nyingi duniani zinaenda hivyo. Kazi yangu ni kutafuta, katika njia zote zinazofika mwisho, ipi ina gharama ndogo kabisa."

"Kama mbege basi," Mektrida alimjibu.

"Kama mbege vipi?"

"Ndizi zilizopikwa zina siku zake za kukaa kwenye pipa. Uji wa ulezi ukiumimina mapema, umeharibu. Ukichelewa, umeharibu. Ikishaiva ina siku moja ya kunywewa, ya pili ni siki. Mama yangu anapiga hesabu hiyo kila wiki bila penseli."

Eliamini alicheka hadi shangazi akageuka. Baadaye aliutumia mfano wa mbege mbele ya maprofesa wake, wakaupenda, naye akampigia Mektrida simu kumwambia kwamba maprofesa wamempigia makofi. Penzi lilianzia hapo, kwenye duara na mshale, na siku hizo Mektrida aliona hakuna mwanamke aliyewahi kutongozwa vizuri namna ile.

Walipoanza kuzungumzia ndoa, Eliamini aliichora nayo. Ilikuwa na milango mingi kuliko mashine yoyote. Wajomba wa Mektrida wako Arusha na Mwanza, hupatikana nyumbani Krismasi tu, na bila wajomba hakuna posa inayopokelewa. Kwaresima hakuna harusi. Kibali cha kuoana Mkatoliki na Mlutheri kinataka miezi yake. Elinipendo, mama wa Mwika, amesema mwanawe hatapiga magoti kwa Warumi, na kumlainisha huyo kunataka mwaka mzima na pengine mmoja na nusu. Masomo nayo yana tarehe zake. Kila mwaka Eliamini aliingiza yote kwenye kompyuta, na kila mwaka kompyuta ilijibu: subirini Desemba ijayo. Mektrida alisubiri. Ilikuwa hesabu, na hesabu aliiamini kwa sababu aliyeipiga alimpenda.

Sasa karatasi ilikuwa imetandazwa juu ya kichanja, imekandamizwa na mawe mawili, na maduara yamejaa kama mayai ya kanga.

"Nilipopata habari ya tangazo la kwanza sikulala," Eliamini alisema. "Nimepiga upya yote. Kuna njia moja imebaki. Inafungwa kesho, misa ya kwanza ikiisha. Tunashuka leo wewe na mimi, tunakwenda kwa dada yangu Brenda pale mjini. Tunatoa taarifa ya ndoa ya serikali, siku ishirini na moja, inabandikwa, hakuna wa kupinga. Kanisa tutalirudia baadaye. Milango yote ya baadaye iko wazi, nimehakikisha."

"Na mama?"

"Nimemweka."

"Umemweka wapi?"

Akaonyesha kwa kidole. Mektrida akainama, akasoma maandishi yale madogo aliyoyazoea kwenye barua.

"Aibu ya mama, kumi na tano," akasoma. "Na hii hapa?"

"Safari ya kurudi Dar."

"Kumi na nane." Akainua uso. "Kwa hiyo mama yangu kukaa kanisani kesho jina langu likisomwa nami nimetoroka ni nafuu kuliko basi la Dar."

Jikoni kifuniko cha sufuria kilianguka. Hakuna aliyekiokota.

"Ni makadirio, Mekti. Namba ni za kupanga tu nini kizito kuliko nini."

"Najua namba ni za nini. Ulinifundisha mwenyewe." Kidole chake kikaendelea kutembea juu ya karatasi, kutoka mshale hadi mshale, kinarudi nyuma, mwaka huu, mwaka jana, mwaka juzi, hadi kikafika duara moja kubwa lililoandikwa URU. Mishale kumi na kitu iliingia pale. Aliliangalia muda. "Hapa ni mimi."

"Ndiyo."

"Hapa ndipo ninapongoja."

"Ndiyo."

"Gharama ya siku moja ya kukaa hapa umeandika sifuri."

Eliamini akafungua mdomo.

"Usiseme haraka," Mektrida alimwambia kwa upole. "Nataka nielewe kama nilivyoelewa siku ile ya mbege. Dar umeandika nne kwa siku. Mwika, mama yako akiwa amenuna, sita. Uru sifuri. Tangu lini?"

"Tangu mwanzo," alisema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Uko kwenu, Mekti. Hulipi pango. Uko na wazazi, kazi unayo, chakula kiko shambani. Nilijiuliza ukikaa siku moja zaidi unapungukiwa nini, nikaona hakuna. Nikaacha sifuri."

"Na kompyuta ikiona mahali pana sifuri inafanyaje?"

Eliamini alijua, naye alijua kwamba Mektrida anajua. Kompyuta ni kama maji, hutafuta bonde. Kila ilipokosa mlango ulio wazi, kila ilipobidi mtu akae mahali angoje, iliangalia wapi kukaa ni bure, ikamrudisha Mektrida kwenye duara lake. Miaka minne na nusu.

"Mwezi wa tano nilikupigia simu," Mektrida alisema. "Unakumbuka nilisema nini?"

"Ulisema mzee amezidiwa."

"Nilisema mzee amesema uje. Mzee Sylvanus mwenyewe, kwa mdomo wake, mama akiwa kitako pale kitandani anasikia. Alisema, mwiteni yule kijana wa Mwika aje na mbege ya posa debe moja tu, asingoje wajomba, nikinywa mimi wajomba watanywa. Baba alikuwa amekukubali, Eli. Ulinijibu kwamba ukija Mei na ukaja tena Desemba gharama inapanda, Desemba ndiyo nafuu. Nikamwambia baba, atakuja Desemba. Akaniuliza Desemba ipi. Siku ya nane akafa."

"Sikujua kwamba..."

"Ulijua. Hukuandika mahali popote, ndiyo maana unaona kama hukujua."

Mama Justina alikuwa ametoka na kusimama kizingitini. "Nilikuwepo," alisema. "Mimi sikukutaka, sikufichi. Lakini mume wangu akishasema nisingepinga, na mbege ile ningeipokea mimi mwenyewe. Nilishaosha na vibuyu." Akaona amesema mengi, akarudi ndani.

Wingu likapita juu ya migomba na matone ya kwanza yakaanguka kwenye kahawa. Mektrida akavuta nailoni, Eliamini akasimama bila kuambiwa akashika pembe ya pili, wakatandaza pamoja kama walivyotandaza misimu mingine, huyu akivuta, yule akilegeza. Vidole vyao vikakutana ukingoni. Hakuna aliyeondoa vyake mara moja. Karibu hivyo Mektrida alisikia harufu yake, sabuni ya mche na vumbi la basi, na akayaona macho yake, yale yale ya kahawia yenye kidoa karibu na mboni, yamejaa maji. Kama angemvuta wakati ule asingekuwa na nguvu ya kukataa. Alijua hivyo, akaogopa, akangoja avutwe.

Eliamini akaondoa mkono. Akaichukua karatasi chini ya nailoni, akatoa kalamu mfukoni, akaifuta sifuri kwa mstari mmoja.

"Niandike ngapi?"

"Unaniuliza mimi?"

"Namuuliza nani mwingine. Nilipaswa kukuuliza siku ya kwanza."

Mektrida akakaa kwenye ukingo wa kichanja. Hakuwahi kuulizwa kabla ya hapo.

"Sijui namba," alisema. "Mdogo wangu Doris aliolewa mwaka juzi. Nilimshikia shela tangu kanisani hadi ukumbini, na shangazi zangu wote wakanitazama mimi badala ya bibi harusi. Andika hiyo. Kila asubuhi wanawake wananiletea maziwa wananiuliza, dada, Mlutheri wako vipi. Miaka miwili waliuliza wakicheka. Wa tatu wakauliza wakinihurumia. Sasa hawaulizi. Andika. Usiku sisemi, usiku ni wangu. Ila andika kwamba Antoni huleta ndoo zake saa kumi na mbili na robo, kila siku anasimama pembeni hadi foleni iishe, na siku baba alipokufa yeye ndiye aliyekuja kuchimba kaburi. Sikumpenda. Nilichoka kuwa mahali ambapo mtu anapita tu."

Kalamu iliandika. Manyunyu yalilowesha pembe ya karatasi na wino ukaanza kutambaa. Kisha midomo ya Eliamini ikaanza kucheza, kama afanyavyo akipiga hesabu bila kompyuta, na kidole kikatoka duara hadi duara. Mektrida alimtazama. Hajui kudanganya mtu huyu, hajawahi, hata kwa nusu neno, na ndicho alichompendea. Sasa aliomba kimoyomoyo adanganye mara moja tu.

"Inasemaje?" akauliza.

"Njia nafuu ilikuwa ya kwanza kabisa," Eliamini alisema polepole. "Desemba ile ile ya kwanza. Ningekuja na mbege hata kama wajomba hawajatimia, hata mama yangu akiwa amenuna. Baada ya hapo kila mwaka inapanda. Mei kulikuwa na nyingine, ghali kidogo, lakini ilifika."

"Na ya leo?"

"Ya leo ni ghali kuliko zote."

"Kwa nani?"

"Kwako. Karibu yote kwako. Ukishuka na mimi leo unampoteza mama, Uru, kazi, kanisa, unakuja kukaa chumba kimoja Dar kungoja nimalize." Akaikunja karatasi mara nne. "Mimi sipotezi chochote. Nilikuwa nimekuja kukuomba ulipe tena."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza Eliamini alipomhesabu, na hesabu ikamwambia amwache. Mektrida alitaka kusema nitalipa. Maneno yalifika kooni. Akamwona mama yake dirishani, amempa mgongo makusudi asionekane anasikiliza, mabega yamepungua tangu Mei, na maneno yakarudi yalikotoka.

"Malizia mtori," akamwambia. "Mama ataona umemdharau."

Akaumaliza ukiwa wa baridi, amesimama. Akaenda jikoni kushukuru. Mama akamwambia apite juu, kijia cha chini kinateleza. Hakuagana na Mektrida kwa mkono. Alisema tu, "Ukae vizuri, Mekti," akatembea na mvua yake, mguu ule ukitupwa nje, hadi migomba ikamfunga.

Kesho yake kanisa lilijaa hadi ngazini, maana watu wa Dar na Arusha wameshaanza kurudi kwa sikukuu. Antoni alikaa upande wa wanaume, suti ya kijivu, kofia magotini. Baada ya komunyo katekista akavaa miwani, akasoma matangazo ya mchango wa paa, ya kwaya, ya zamu ya usafi, kisha akasoma majina yao kwa mara ya tatu, na kwamba mwenye kujua kizuizi chochote amwone paroko. Halafu akalamba kidole atafute ukurasa unaofuata, na kurasa zilikuwa zimegandana.

Katika kimya hicho benchi la nyuma kabisa likalia, kama linavyolia mtu akisimama.

Mektrida aligeuka. Hakukusudia. Aligeuka mwili mzima, na mkono wake ukashika mgongo wa benchi, naye ameshainuka nusu.

Alikuwa mwanamke mwenye mtoto aliyeanza kulia, anamtoa nje.

Watu walimwona. Antoni alimwona, akashusha macho kwenye kofia yake na kuanza kuigeuza taratibu kwa ukingo. Mama Justina akamshika binti yake kiwiko, akamvuta chini hadi akakaa, na hakuachia.

"Tazama mbele, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Bado anasoma."